Filamu yenye kamera mbili: kuchanganya picha za kweli na gemu bila kuchanganyikiwa

Mtu akikwambia anataka kutengeneza filamu fupi, nusu ashuti na kamera nusu iwe animesheni ya gemu, kabla hujamshauri chochote muulize anamaanisha nini akisema gemu, kwasababu hapo kuna vitu vitatu tofauti kabisa ambavyo watu wanaviita jina moja na ndo maana ushauri wa mtandaoni unagongana kila siku, huyu anakwambia huhitaji hata mia, yule anakwambia bila kompyuta ya mamilioni usijisumbue, na wote wawili wako sahihi ila kila mmoja anaongelea kitu chake.

Cha kwanza ni kurekodi gemu yenyewe inavyochezwa, wenyewe wanaita mashinima. Unaingia kwenye gemu ambayo wengine wameshaitengeneza, unatumia wahusika wao, mitaa yao, magari yao, unarekodi skrini alafu unaenda kuediti kama video nyingine yoyote. Cha pili ni kutumia engini ya gemu, ile softiwea ya kutengenezea gemu, yani Unreal, Unity, Godot na wenzao, unajenga dunia yako mwenyewe na hakuna mtu anayecheza chochote, unachotaka kwenye engini ni ule uwezo wake wa kuchora picha papo hapo badala ya kusubiri usiku kucha fremu moja, yani picha moja kati ya zile zinazounda video, ikamilike. (Blender, programu ya bure ya kutengeneza animesheni, sio engini ya gemu ila rendari yake, yani sehemu yake ya kuchora picha, inayoitwa Eevee inafanya kazi kwa staili hiyohiyo, na filamu ndefu ya Flow ya kule Latvia, iliyochukua Oscar ya animesheni mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, kwaiyo softiwea ya bure sio kisingizio tena.) Cha tatu ni yale maukuta ya skrini za LED kama kwenye tamthilia ya The Mandalorian ya 2019, engini inarusha mandhari ukutani, muigizaji anasimama mbele yake, kamera inachukua vyote kwa mpigo mmoja. Hii ya tatu kwa bajeti zetu wengi tuiache, ingawa wazo lake unaweza kulipata kwa bei ya projekta, ntarudi hapo.

Kinachoziunganisha zote tatu ni kwamba gemu ina kamera. Haina kioo, haina uzito, hakuna mtu kaishika, lakini ni kamera, ina lenzi, ina kimo kutoka chini, ina idadi ya fremu kwa sekunde. Historia yenyewe inaanzia hapo. Quake, gemu ya kupigana risasi, ilitoka mwezi wa sita 1996 na ilikuwa inaweza kurekodi mechi, ila sio kama video, ilikuwa inaandika faili la mienendo tu, nani yuko wapi, anaangalia wapi, kafyatua saa ngapi, na wewe ukitaka kuangalia lazima uwe na gemu kwako ikuchoree upya kila kitu. Mwezi wa kumi mwaka huohuo kundi moja la wachezaji waliojiita Rangers wakatoa kitu kinaitwa Diary of a Camper, hakifiki hata dakika mbili, na walichofanya ni kulichezea lile faili ili jicho la mtazamaji lisikae tena kichwani kwa mchezaji, likawa linaelea pembeni linawaangalia wachezaji kama kamera ya kwenye seti. Stori haina maajabu, kuna jamaa kajificha sehemu anawamaliza wenzake, maneno yenyewe yameandikwa kwa teksti. Lakini pale ndo kamera iliachana na mchezaji na ikawa ya mtengeneza filamu.

Miaka sita na nusu mbele, Aprili 2003, jamaa wa Texas wakaanza mfululizo wa Red vs. Blue ndani ya gemu ya Halo. Walikuwa wanaunganisha Xbox, mmoja wao hachezi chochote, kazi yake ni kuwa kamera, na kwa vile bunduki yake na zile alama za gemu zilikuwa zinaonekana kwenye skrini wakaweka mapande meusi juu na chini, wewe ukiangalia unadhani ni umbo la sinema kumbe ni kuficha uchafu. Na wahusika walikuwa hawawezi kushusha bunduki wakapiga stori kama binadamu, mpaka walipoona kwamba ukishika bastola alafu ukaangalia chini, wenzako wanakuona umenyoosha kichwa na bastola imeshuka, kosa dogo la watengenezaji likawapa uigizaji mzima. Midomo haionekani, wamevaa helmeti, kwaiyo sauti unaibandika unavyotaka. Sisi hiyo kazi tunaifahamu vizuri tu, ni kazi ya Lufufu na muvi zake za kutafsiri, na kwa majirani zetu Kenya ni kazi ya DJ Afro, picha ni ya mtu mwingine ila sauti inayoibeba ni ya kwako na mtazamaji wa banda umiza anakufuata wewe.

Sasa ukileta picha ya kweli ndani ya hii biashara, unakuwa na kamera mbili ambazo hazijawahi kuonana. Karibu kila kitu kitakachokusumbua kuanzia siku ya kwanza mpaka unaposti kinatokana na hizo kamera mbili kutokukubaliana, na ndo pale mtu anasema "mbona inaonekana kama imebandikwa" bila kujua kilichomkera ni kipi. Kwenye filamu ya kawaida kazi yako ingekuwa kuzipatanisha zote mwanzo mwisho. Kwenye filamu ya majaribio huna hiyo lazima, kazi yako ni kama ya fundi cherehani, unaamua mshono upi uende ndani na upi uachwe nje makusudi uonekane kama urembo, ila lazima uwe umeamua wewe, sio umeshindwa kushona.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni Serious Games, kazi ya mtengeneza filamu Harun Farocki wa Ujerumani, vipande vinne vya 2009 na 2010. Kwenye cha kwanza kuna askari wa Marekani wako mazoezini California, kambi ya Twentynine Palms, wamekaa na laptopu wanaendesha kifaru cha kwenye gemu, na Farocki hachanganyi chochote ndani ya fremu moja, anagawa skrini mbili tu, upande huu nyuso za vijana na vidole kwenye kibodi, upande ule jangwa la kuchorwa. Mmoja anapigwa risasi na mdunguaji kule ndani, anafia kule, huku anaegemea kiti basi kaishiwa kazi. Mshono uko wazi kabisa katikati ya picha na ndo filamu yenyewe. Ila kinachoniua mimi ni kipande cha nne. Jeshi lilikuwa na programu ya kumuandaa askari kabla hajaenda vitani na kuna programu nyingine, inafanana nayo sana kwa mwonekano, ya kumtibu akirudi na majeraha ya akilini. Ile ya kumpeleka, jua lake linatupa vivuli. Hii ya kumtibu ni ya bei nafuu zaidi na vitu havina kivuli. Farocki anakuonyesha hivyo tu na maandishi machache, hapigi kelele, na wewe unakaa na hiyo taarifa tumboni. Hapo kasoro ya grafiksi, kitu ambacho mtu mwingine angeshinda wiki nzima anakirekebisha, imebeba maana ya filamu nzima.

Upande wa pili kabisa kuna The Remarkable Life of Ibelin ya Benjamin Ree, 2024. Kijana wa Norway, Mats Steen, alikuwa na ugonjwa wa misuli wa Duchenne, akafariki 2014 akiwa na miaka 25, wazazi wakiamini mtoto wao aliishi peke yake chumbani na gemu, kumbe ndani ya World of Warcraft alikuwa na marafiki kibao waliokuwa wanamtegemea. Nusu ya filamu ni video za nyumbani zilizoshutiwa na familia, nusu ni animesheni ya dunia ile ya gemu. Na watu wengi wanadhani ile animesheni ni rekodi za Mats akicheza, hapana, waliijenga upya kutoka kwenye maandishi ya mazungumzo yaliyokuwa yametunzwa, kurasa 42,000, nani alisema nini, nani alimkumbatia nani, na ukiangalia vizuri ni wazo lilelile la faili la Quake, mienendo iko kwenye maandishi, picha inachorwa baadae. Humu mshono umefichwa, wanataka usahau, ukirudi kwenye video ya nyumbani unaona kile kiti cha magurudumu ndo unastuka.

Kwaiyo swali la kwanza sio kompyuta yako ina kadi gani. Swali ni kwanini gemu, kwanini sio droni, kwanini sio katuni ya kawaida. Tuchukue filamu ya kufikirika tuitumie humu ndani, dakika 6, dereva bodaboda wa Dar mchana anabeba abiria, usiku anaenda kwenye kibanda cha gemu anaendesha pikipiki kwenye mji wa Marekani wa kuchora. Kule hakuna traffic, hakuna mafuta kupanda, akianguka anaamka, ila pia kule hakuna anayemuita kwa jina na hawezi kumbeba mtu. Ukiona gemu inasema kitu ambacho barabara ya Mandela haisemi, endelea. Ukiona umeiweka kwasababu inapendeza, hiyo nayo inaruhusiwa ila itachosha baada ya dakika moja.

Haya, tuje kwenye kamera zenyewe.

Lenzi ndo inawaumbua watu wengi. Gemu nyingi za kompyuta zinakuonyesha upana wa nyuzi 90 hivi kutoka kushoto kwenda kulia, na kamera mpya ya Unity inakuja na nyuzi 60 za juu kwenda chini ambazo kwenye skrini ya 16 kwa 9 ni kama 91 za upana, yani hadithi ileile. Simu yako kwenye kamera yake kuu ina lenzi ya kama milimita 24 mpaka 26 kwa vipimo vya kamera kubwa, hiyo ni nyuzi 70 na kidogo, na ukiwasha ile ya kutuliza mtikisiko inakata pembeni inapungua tena. Matokeo yake ukikata kutoka bodaboda ya kweli kwenda ya gemu, barabara inakuwa ndefu ghafla, pembeni kunavutika, pikipiki inaonekana inakimbia mara mbili, na mtazamaji anajua kuna kitu ila hajui nini. Punguza upana wa gemu mpaka kwenye 65 au 70. Kama gemu haikubali, rekodi kwa ukubwa wa juu uwezavyo alafu ukate katikati, kwa upande wa umbo la picha ni kitu kilekile, unapoteza ukali tu. Alafu angalia kimo: gemu ya kumuona mhusika kwa mgongo inaweka kamera juu ya bega nyuma yake, kwaiyo na wewe kwenye kweli shuti baadhi ya shoti hivyohivyo, nyuma ya bega la dereva, kamera imfuate tu hata akisimama kununua maji. Hapo hujaleta gemu karibu na kweli, umeipeleka kweli kwenye gemu, na inatisha kidogo, mtu anaangalia mtaa wake kana kwamba kuna mtu mwingine ameshika padi.

Muda nao una mambo yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapigapiga mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30, ukishuti kibandani usiku chini ya taa za bei chee unapata mistari inayopanda na kushuka. Weka fremu 25 na shata, yani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/50 ya sekunde, kwa taa zinazofuata umeme wetu hiyo mistari inatulia. App ya kamera ya kawaida haikuruhusu sana, ila Blackmagic Camera ni ya bure, ipo kwenye iPhone na Android kadhaa, inakupa shata, rangi, fokasi, kila kitu unafunga mwenyewe. Upande wa gemu usirekodi 60 ukaja kuibana kwenye 25, haigawanyiki, itakwamakwama, funga gemu kwenye 50 alafu uchukue fremu moja uache moja. Na simu zina tabia ya kubadilisha idadi ya fremu zenyewe katikati ya shoti bila kukwambia, sauti inaanza kuachana na mdomo taratibu, ipitishe video kwenye programu ya HandBrake uiambie idadi isibadilike ndo uiingize kwenye kuediti.

Kuna kitu hapo cha kufurahisha. Kwa shata ya 1/50 tairi linalozunguka linaacha ukungu, wakati fremu ya gemu mara nyingi ni kali kama imekatwa na wembe. Watu wanahangaika kuiwekea gemu ukungu wa mwendo, na inawezekana, Unreal ina sehemu ya kurenda fremu moja kwa vipande vingi vya muda alafu ikavichanganya, inatoka safi sana. Lakini simu nyingi hazina namna ya kuziba lenzi kama kamera kubwa, kwaiyo ukishuti Kariakoo saa saba mchana bila kichungi cheusi mbele ya lenzi, shata inaruka yenyewe mpaka 1/1000 na zaidi, na picha yako ya kweli inakuwa kali, kavu, kila tone la maji linaonekana. Kila kitabu kinakwambia hilo ni kosa. Kwa filamu hii ndo unachotaka, mchana wa kweli unafanana na gemu bure kabisa.

Mwanga sasa, na hapa usiwe na haraka. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la saa sita linakaa utosini, kivuli cha mtu kinaishia miguuni. Miji ya kwenye gemu nyingi imechorwa kwa jua la kwao huko, linakuja kwa pembeni, vivuli virefu, rangi ya dhahabu, kila saa kama jioni. Ukishuti saa sita ukaunganisha na hiyo haiwezi kukubali hata ufanye rangi gani, kwasababu rangi unaweza kurekebisha ila mwelekeo wa kivuli huwezi. Shuti saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, au ipeleke saa ya gemu mchana kabisa. Na saa ya gemu haitulii, hiyo wengi hawaijui mpaka wafike kwenye kuediti: siku nzima ya GTA V inaisha kwa dakika 48, ya Minecraft kwa dakika 20. Maana yake ukirekodi mazungumzo ya dakika tatu ndani ya Minecraft jua limetembea zaidi ya saa tatu na nusu, unakata huku na huku, huyu ana asubuhi mwenzake ana mchana. Minecraft ina amri ya kusimamisha saa, kwa nyingine unatafuta modi, yani nyongeza za gemu zilizotengenezwa na watu, au unarudisha saa kila shoti. Au uiache, na upande wa kweli ushuti mazungumzo yaleyale jua likiwa linazama kwelikweli, sijaona wengi wakijaribu hiyo na ningependa kuiona.

Kelele za picha ni jambo dogo, nisikucheleweshe: simu usiku inatoa chengachenga, gemu ni safi kama sahani, ongezea gemu chenga kidogo na uilainishe kidogo, alafu ndo upake rangi zote mbili pamoja. Watu wanaanza na rangi. Rangi mwisho.

Sasa dunia mbili zinakutana wapi, hapa kuna njia tatu na ugumu wake hauko sawa hata kidogo. Rahisi ni kukata, shoti ya kweli, shoti ya gemu, ukifuata mwendo: dereva anakunja kulia kwenye kweli, pikipiki ya gemu inamalizia kona ileile upande uleule wa fremu. Jicho likishapewa mwendo halina muda wa kuhoji. Ukiweza kufanya hivyo vizuri mara nne kwenye dakika 6, una filamu, huhitaji kitu kingine.

Ngumu ni kuziweka kwenye fremu moja kwa grini skrini, yani unamshuti mtu mbele ya kitambaa cha kijani alafu programu inaondoa kijani na kuweka gemu nyuma yake. Kitambaa cha kijani unakipata, tatizo sio kitambaa, tatizo ni kwamba video ya simu kwa kawaida inahifadhi taarifa ya rangi robo tu ya ile ya mwanga, na programu inamkata mtu kwa kufuata rangi, ndo maana nywele na vidole vinatafunwatafunwa. Msogeze mtu mbali na kitambaa kama mita mbili ili kijani kisimrukie mabegani, taa za kitambaa ziwe mbali na taa za mtu, na taa za mtu zitoke upande jua la gemu linakotokea. Asivae helmeti inayong'aa, ambayo kwa bodaboda ni mtihani. Kama kamera itatembea inabidi ile ya ndani itembee sawasawa nayo, Blender ina sehemu ya kufuatilia mwendo wa kamera kutoka kwenye video na inafanya kazi vizuri, Blender Foundation wenyewe walitoa filamu fupi Tears of Steel mwaka 2012 kuonyesha hiyo hiyo, watu wa kweli na vitu vya kuchora mitaani Amsterdam. Ila vipimo viwe vya kweli, Unreal inahesabu kwa sentimita na Unity inahesabu kwa mita, ukihamisha mji kutoka huku kwenda kule bila kuangalia unapata dereva mrefu kama ghorofa.

Na ya tatu ndo ile niliyoahidi. Chukua projekta, shuka jeupe, chumba cheusi, rusha gemu ukutani, mkalishe dereva kwenye pikipiki iliyosimama mbele yake, shuti vyote pamoja. Mwanga wa gemu unampiga usoni kweli, taa za mji zikipita zinapita na kwenye jicho lake, kitu ambacho kwenye grini skrini ungekifanya siku tatu na bado kingekuwa cha uongo. Ndo LED ya Mandalorian hiyo, tofauti yao wao ukuta unajua kamera iko wapi na mandhari yanasogea nayo, wewe wako haujui, kwaiyo kamera yako ikae palepale, ukiisogeza tu ukuta unakuwa ukuta. Jaribu shata kwanza, projekta nyingine zina mistari ya rangi kwenye video, ongeza au punguza mpaka itulie. Kama lazima nichague moja kwa mtu anayeanza nachagua hii, na hata pale shuka litakapoonekana mkunjo, acha mkunjo.

Sauti inaunganisha kuliko vyote nilivyosema hapo juu na ndo inayopewa muda mdogo. Kwenye gemu zima muziki, bakiza injini na mitaa, rekodi sauti ya gemu kwenye treki yake peke yake. Alafu nenda kibandani ukarekodi dakika mbili za hewa tu ya pale, feni, watoto wanabishana mabao, adhana kwa mbali kama ipo, na hiyo hewa uitandike chini ya shoti za gemu. Mji wa kuchora wenye sauti ya Manzese unakuwa Manzese. Geuza pia, bodaboda ya kweli kwenye foleni alafu unasikia injini ya gemu inapandisha gia, mtu anajua dereva kichwani yuko wapi bila wewe kumuandikia hata neno.

Nini kishutiwe kwanza? Watu wanabishana ila jibu linategemea ule mgawanyo wa mwanzo. Kama unatumia gemu ya watu, anza na gemu, kwasababu kule mhusika ana mienendo michache tu aliyopewa, hawezi kukuna kichwa kama hajawekewa kukuna kichwa, wakati muigizaji wako anaweza kuiga chochote, kwaiyo mwenye uwezo amfuate asiye na uwezo. Kama umejenga dunia yako kwenye engini, geuza, shuti watu kwanza alafu kamera ya engini iifuate ya kweli, maana ile ya engini unaweza kuirekebisha hata mwaka kesho. Na kwenye kurekodi skrini programu ya OBS ni ya bure na inatosha, ila iambie ihifadhi kwa faili la aina ya mkv, sio mp4 ya kawaida, umeme ukikata katikati mp4 yako inaweza isifunguke kabisa wakati mkv inabaki na kila kitu mpaka sekunde ya mwisho, alafu ukimaliza OBS yenyewe inaigeuza kuwa mp4. Andaa nafasi, kwa megabiti 50 kwa sekunde saa moja ni kama GB 22 na nusu. Na zima apdeti za gemu mpaka umalize, wakibadilisha taa au mtaa katikati ya kazi yako huwezi kuwarudisha.

Imebaki haki miliki, na hapa kuna uvumi mwingi. Gemu uliyoinunua umenunua kuicheza, picha zake bado ni za kampuni. Kampuni nyingi zinaruhusu video za mashabiki zisizo za biashara, Microsoft kwa mfano waliandika kanuni zao tangu 2007, lakini kila kampuni ina zake na neno biashara kila mmoja analielewa anavyotaka, kwaiyo soma za gemu yako yenyewe. Ile kinga ya "fair use", yani kutumia kazi ya mtu bila kumuomba ruhusa, wanayoitaja waYouTube wa Marekani kila dakika ni ya sheria ya Marekani, sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zina orodha zao za vitu vinavyoruhusiwa na hazifanani na ile. Muziki wa redio za ndani ya gemu ni wa wanamuziki, kampuni ya gemu yenyewe iliukodi, haiwezi kukuruhusu wewe, ndo sababu nyingine ya kuuzima. Kwenye upande wa kweli, kushuti barabarani Tanzania kuna kibali cha Bodi ya Filamu, na dereva wako na mwenye kibanda wasaini karatasi hata kama ni washkaji, tamasha likiomba utakuwa nayo. Waliojenga dunia yao kwenye engini hapa wanapumua, ila modeli walizodaunilodi nazo zina leseni zake, ya bure sio lazima iwe ya kutumia kwenye filamu.

Ibelin waliifikisha karibu na mwisho ndo wakaenda kuionyesha Blizzard, kampuni yenye World of Warcraft, wakapewa ruhusa. Ilikubali, lakini usichukue hiyo kama njia. Wewe shuti dakika moja, iediti, iwe na mkato mmoja mzuri na ile shoti moja ya projekta, iambatanishe kwenye imeli uwaulize kampuni kabla hujamaliza nyingine tano, wakikataa umepoteza wikiendi tu, na mtaa wako wa kwenye engini unaanza kuujenga Jumatatu.